TAHADHARI: mzee wa pikipiki za Triumph upande wa Coventry, Uingereza, msimkaribie!

Jamani, nimeingizwa mjini. Pauni 4,200 taslimu, nimezihesabu mwenyewe juu ya meza ya gereji yake huku nikichekelea kama zuzu. Mama watoto hajui kiasi kamili, kwa hiyo mnaozungumza naye, nyamazeni.

Ni ile Bonneville T120 ya 1970 niliyowatumia picha. Mzee alinipokea kwa chai, akanisogezea kiti, akasema alikuwa fundi pale Meriden, kiwanda cha Triumph, mpaka kikafungwa 1983. Mvi kichwa kizima, kucha nyeusi kwa oili. Shikamoo ilikaribia kunitoka! Ningeanzaje kumtilia shaka mtu wa namna hiyo? Nilimuuliza kuhusu kabureta za Amal, akajibu. Nikamuuliza kwa nini oili ya tangi hushukia yote kwenye injini pikipiki ikikaa muda mrefu, akanieleza hadi na ile gololi ya vali ya pampu inavyopitisha. Hii imelala tu, akasema, inataka betri, matairi na kusafishwa tangi, wikendi mbili uko barabarani.

Kisha akaniambia nipige kiki. Nikapiga. Ikashuka laini, injini ikazunguka, moyo wangu nao ukazunguka. Plagi alikuwa amezitoa, kazipanga mbili juu ya kitambaa cheupe, eti nisije nikaumia mguu. Na mimi nikamshukuru! Plagi zikiwa nje, kompresheni, yaani ule ukinzani wa hewa inapobanwa kwenye silinda, utaisikia wapi? Nimefika nyumbani nimezifunga, napiga kiki, silinda ya kushoto imekufa kabisa. Nikamulika tochi kwenye tundu la plagi: pistoni ina shimo la kutosha kidole gumba.

Namba nayo. Kuanzia 1969 Triumph walipiga namba ya injini juu ya vinembo vidogo vidogo vya jina lao, mtu akikwangua ionekane. Hii yangu ni laini kama kiganja, na herufi ya D imelala upande. Kadi ya usajili nilionyeshwa nakala, ya kweli "inakuja kwa posta". Wiki ya sita hii. Na hata ingekuja, kadi yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Nimeisoma sasa, pesa zikiwa zimeshakwenda.

Polisi wanasema hilo ni la madai. Madai! Huyu angefungwa, anyang'anywe spana zote, halafu apigishwe kiki hii maiti yake toka alfajiri mpaka magharibi, mguu uvimbe, na chai asipewe.

Jana ameweka tangazo jingine, safari hii Norton Commando. Kuzeni picha mtazame chini kushoto: plagi mbili, juu ya kitambaa kilekile cheupe.