Kipupwe cha Njombe kwenye chumba cha kupanga: nunua nini kwanza

Usianze na hita. Najua ndiyo inayomjia mtu kichwani Juni ikiingia, lakini kwa vyumba tunavyopanga huku Njombe, mjini penyewe karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, bati tupu na hakuna dari, mimi hita naipa nafasi ya nne.

Hewa ikipata moto hupanda. Ikikuta uwazi kati ya ukuta na paa, inakwenda zake, na bati lenyewe hupoa haraka usiku, hadi alfajiri linadondosha matone. Kwa hiyo nafasi ya kwanza ni kuziba upepo. Nunua turubai, lifunge kwenye kenchi liwe dari, mbali na balbu na nyaya za umeme. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla hujapiga msumari. Wapo wanaokubali gharama ikatwe kwenye kodi, hasa ukiwaonyesha risiti. Vipande vya sponji vinatosha kwenye fremu za madirisha, na tambara lililokunjwa kwenye kizingiti cha mlango. Ila kama unapikia humohumo ndani, acha njia ya hewa.

Pili ni kitanda. Watu wanarundika mablanketi juu na kusahau chini, kumbe anayelaza godoro jembamba kwenye sakafu ya saruji analiwa na baridi kutoka huko. Tandika maboksi na mkeka chini ya godoro, kisha blanketi moja chini ya shuka. Duveti la mtumba ni ununuzi mzuri kuliko blanketi jipya jepesi: liinue kwenye mwanga uone kama pamba imekimbilia kona moja, linuse, na ukifika nyumbani lifue na kulianika mpaka likauke kabisa.

Tatu ni mfuko wa mpira wa maji ya moto, na hapa naomba tupige hesabu. Kuchemsha lita mbili kwenye birika la umeme ni kama uniti 0.2. Kwa mteja wa nyumbani wa TANESCO aliye daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama sh 356, kwa hiyo usiku mzima wa miguu yenye joto hauzidi sh 80. Jaza theluthi mbili tu, subiri maji yatulie kidogo baada ya kuchemka, toa hewa kabla ya kufunga, na uuvishe kitambaa. Mingi ina alama kama ua shingoni inayoonyesha mwaka iliotengenezwa. Uliokaa dukani miaka mingi uache, mpira huzeeka hata haujatumika. Blanketi la umeme, ukilipata, nalo halili sana: la wati 100 kwa saa nane ni uniti 0.8.

Sasa hita. Ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa. Saa nne kila usiku ni uniti 240 kwa mwezi, zaidi ya sh 85,000. Aliye daraja la D1, lile la bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, anaweza kulipoteza daraja hilo. Na kama wapangaji wanne mnachangia LUKU moja, zungumzeni kwanza, maana nimeona majirani wema wakinuniana mwaka mzima kwa jambo hili. Ukiamua kununua, chukua ile ya nyaya zinazowaka nyekundu, inayomchoma mtu moja kwa moja. Yenye feni inapasha hewa, na hewa yako inatoka nje. Usiamini muuzaji anayesema yake inatoa joto zaidi kwa wati zilezile. Hakuna kitu hicho. Ichomeke ukutani, siyo kwenye ekstensheni nyembamba.

Jiko la mkaa halipati nafasi yoyote kwangu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, na chumba ulichokiziba vizuri ndicho kinachoikusanya. Watu hulala nalo wasiamke. Ota moto nje au kwenye jiko la uani, na usiliingize chumbani hata makaa yakionekana yamebaki majivu. Ukiwa ndani na kichwa kikaanza kuuma na kizunguzungu na kichefuchefu, toka nje kwanza na uwatoe wote waliolala, kisha nendeni hospitali.