Siku nzima na gari dogo ambalo bado halijaingia sokoni

Gari nililokabidhiwa lilikuwa limebandikwa michoro myeusi na myeupe kuanzia boneti hadi buti, ile inayovuruga macho ili umbo lake lisitambulike. Sharti lilikuwa moja tu: nisitaje kampuni.

Injini ni ya lita 1.0, silinda 3, yenye turbo, yaani kifaa kinachoisukumia hewa zaidi ili iongeze nguvu. Injini za silinda 3 kwa asili hutetemeka, na hapa mtetemo unausikia kwenye usukani gari likiwa limesimama. Likishaondoka, unapotea.

Asubuhi niliendesha peke yangu nikafurahi sana. Ni jepesi, linakata kona vizuri, na penye nafasi finyu linageuka kwa mara moja. Lakini gari dogo ukiliendesha peke yako bado hujalipima, maana atakayelinunua atapakia familia. Kwa hiyo mchana nikachukua watu wazima watatu, tukajaza buti, tukawasha kiyoyozi, tukaupanda mlima.

Gia ya 3 ikagoma. Injini ilikuwa chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika, na turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi ukiwa kidogo, nguvu hakuna. Nikarudisha gia ya 2, nikakanyaga mafuta, likapanda vizuri kabisa hadi juu. Kwa hiyo injini naipa alama nzuri, mradi dereva asiiache ilale.

Kilichonisikitisha ni nyuma. Kwenye tuta la kwanza tulisikia kishindo kizito, na waliokaa nyuma wakashika dari. Upepo wa tairi nilikuwa nimeshaongeza kwa kufuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango, kwa hiyo tatizo halikuwa hilo. Nikasimama, nikawaomba wenzangu wasishuke, nikachungulia: kati ya tairi na bodi vidole vyangu viwili vilipita kwa shida. Springi zile ni laini mno kwa gari lenye mikanda ya watu watano.

Breki sina neno nazo. Nilizikanyaga kwa nguvu kwenye barabara tupu nikiwa kilomita 80 kwa saa, gari likasimama bila kuyumba.

Jioni nilimweleza fundi wao habari ya springi. Hakubisha. Aliwaomba abiria wangu warudi ndani, akapiga magoti na rula, akapima lile pengo pande zote mbili na kuandika.