Kitabu cha Picha cha Kuchekesha Kuhusu Mifugo: Kipi Ununue Kwanza Nairobi

Jalada lenye ng'ombe aliyevaa miwani humvuta mzazi. Mtoto ana habari na yaliyomo ndani, na akikipenda kitabu atataka kusomewa hichohicho usiku baada ya usiku mpaka nyote mmekikariri. Ndiyo maana orodha hii imepangwa kwa mambo mawili: kama kichekesho bado kitachekesha kikirudiwa, na kama kitabu kitadumu mikononi mwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba. Bei inafuata nyuma, kwa sababu kitabu cha bei ya chini kinachoachwa baada ya siku mbili ni hasara tupu.

Kabla ya kulipa

Kichekesho cha kitabu cha picha hukaa kwenye pengo kati ya picha na maneno. Chukua ukurasa wa namna hii: maneno yanasema, "Mbuzi aliapa hajaonja kitu tangu asubuhi," na kwenye picha ncha ya leso ya nyanya inaning'inia mdomoni mwake. Mtoto asiyejua kusoma ameshaiona leso. Mtu mzima anasoma kwa sauti kavu kana kwamba hajaona kitu, na hapo ndipo mtoto anapopasuka kwa kicheko, maana kwa mara moja yeye ndiye anayejua. Kama maneno yanasema mbuzi anakula leso na picha inaonyesha mbuzi anakula leso, atacheka mara moja, tena kwa hisani.

Pima hivi ukiwa umesimama dukani: soma kurasa tatu bila kutazama picha. Kama hujakosa chochote, kirudishe rafuni. Halafu angalia kurasa zinavyogeuzwa. Kitabu kilichopangwa na mtu anayejua kazi huweka swali upande wa kulia ("Ni nani anakoroma kwenye zizi la punda?") na jibu hulificha nyuma ya karatasi hiyo. Swali na jibu vikikabiliana, jicho la mtoto hufika kwenye jibu kabla hujamaliza kusoma, na utani umekwisha.

Urefu nao una hesabu yake. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, sentensi moja au mbili kwa ukurasa zinatosha. Kitabu kizima kikizidi maneno 500 hivi, ataanza kugeuza kurasa mwenyewe. Tafuta pia kiitikio kinachorudi kila baada ya kurasa mbili tatu, na milio inayosomeka kwa kelele: kokoriko, mee, kwakwa. Mtoto hujiunga hapo.

Kiswahili chenyewe kipime kwa upatanisho. Wanyama ni viumbe hai: kuku amekimbia, mbuzi wangu, kondoo wengi. Ukikuta "kondoo yangu imepotea" kwenye maneno ya msimulizi, jua mhariri hakuwepo. Mhusika akizungumza hivyo katikati ya utani wa mtaani, hilo ni jambo jingine.

1. Kitabu chepesi cha Kiswahili kilichoandikwa hapa

Hiki ndicho cha kwanza, na sababu kubwa ni msomaji kuliko uzalendo. Mchana nyumba nyingi za Nairobi, anayemsomea mtoto ni dada wa kazi, au nyanya aliyekuja kutembea. Wote wawili wataigiza sauti ya bata mwenye majivuno kwa Kiswahili bila kubabaika. Na mambo ya kitabuni mtoto anayafahamu: punda wa mkokoteni wa maji anapita mtaani, na mtoto wa Huruma ameshasikia mbuzi wa Kiamaiko kabla hajamwona kwenye picha yoyote.

Anzia Text Book Centre, Kijabe Street au Sarit Centre, kisha Savani's pale Latema Road. Wachapishaji kama East African Educational Publishers, Longhorn, Moran na Storymoja wote wana hadithi za watoto. Tahadhari moja: vingi kwenye rafu hiyo vimetungwa kwa ajili ya darasa. Fungua ukurasa wa mwisho. Ukikuta maswali ya ufahamu, mara nyingi hadithi nzima imeandikwa ili ijibu maswali hayo, na kuku wake hana utundu wowote. Vivyo hivyo idhini ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya: inakwambia kitabu kinafaa mtaala. Kama kinachekesha, hilo utaliamua wewe.

Udhaifu wake uko kwenye mshono. Vingi hufungwa kwa pini mbili kwenye mkunjo, na karatasi ya katikati ndiyo hung'oka kwanza kwa kuwa ndiyo inayovutwa zaidi. Fungua katikati uone kama pini zimekaa juu ya mkunjo wenyewe. Zikiwa pembeni hata kwa milimita mbili, karatasi itapasuka kila kitabu kikifunguliwa. Kabla ya kukisoma mara ya kwanza, bandika selotepu angavu kwenye mkunjo wa ndani, juu ya pini, toka juu hadi chini. Idadi ya kurasa huwa inagawanyika kwa nne: 16, 24 au 32. Ukihesabu ukapata 22, kuna karatasi imeshatoka.

Nakala bandia zipo. Mistari myeusi ya michoro huwa na ukungu, rangi zimepishana na mipaka yake, na ndani hakuna anwani ya mchapishaji. Tazama ISBN: ya Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914, na ya Tanzania mara nyingi 978-9976 au 978-9987. Kitabu cha Tanzania kisikutishe kwa maneno yake yaliyo tofauti kidogo. Watoto huzoea upesi.

Usiende Januari. Maduka yanafurika wazazi wenye orodha za shule, na hadithi husukumwa pembeni kupisha vitabu vya kiada.

2. Jalada gumu la mtumba

Kwenye inama za katikati ya jiji, vitabu vimetandazwa chini na wewe unachutama kuchambua. Vingi ni vya Kiingereza, kutoka Uingereza na Marekani. Karatasi yake ni nzito, kurasa mara nyingi zimeshonwa kwa uzi, na kwa bei ya mtumba hupati kitabu kipya chenye ubora huo. Theluji na mabanda mekundu hayamsumbui mtoto. Lugha nayo si kikwazo kikubwa: kama kichekesho kiko kwenye picha, simulia kwa Kiswahili chako.

Geuza kila ukurasa kabla ya kutaja bei. Vitabu vyenye vijidirisha vya kufunua huwa vimepoteza viwili vitatu, na kwa kawaida kilichong'olewa ndicho chenye jibu. Nusa: harufu ya uvundo haitoki hata ukianika wiki nzima. Bawaba ya jalada ikiwa imelegea lakini uzi ni mzima, gundi nyeupe ya mbao kidogo, na kitabu kukandamizwa kitu kizito usiku kucha, vitaiponya. Muhuri wa maktaba ya ng'ambo si kasoro, na mara nyingi vitabu hivyo huwa na kava ya plastiki tayari.

Nguruwe ndiye nyota wa vitabu vingi vya aina hii. Kama ni zawadi kwa familia ya Kiislamu, chagua bata.

3. Kitabu cha kadi ngumu

Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, kipandishe hadi namba moja. Atakitafuna, na karatasi ya kawaida haitafika jioni. Pembe ziwe za mviringo na kila ukurasa usipindike ukiubonyeza kwa kidole gumba. Kinachoviua ni mate: tabaka za kadi huachana kuanzia ukingoni. Ukiona ukingo umeanza kufumuka hata kabla ya kununua, achana nacho. Utani humu ni mwepesi, mnyama mmoja na mlio usio wake, na kwa umri huo unatosha kabisa.

4. Kujichapia

Tovuti ya African Storybook ina hadithi zenye picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya, chini ya leseni huria, kwa hiyo kuzichapa si wizi. Chagua ya kurasa 16, ambayo inakula karatasi nne za A4 zikikunjwa. Mwambie wa saiba achape kama kijitabu, pande zote mbili, akigeuzia upande mfupi. Akigeuzia mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Karatasi ya gramu 80 huonyesha picha ya nyuma yake, omba ya 120. Jalada liwe la manila, na pini zipigwe kwa stepla ya mkono mrefu.

Piga hesabu kwanza. Rangi ikiwa shilingi 20 kwa ukurasa, kurasa 16 ni 320, bado manila, na hapo umeshakaribia bei ya kitabu kipya. Njia hii inafaa pale unapotaka hadithi kwa lugha ya nyumbani ambayo madukani haipatikani.

5. Mikusanyo minene na vitabu vya vitufe

Mkusanyo wenye hadithi kila usiku wa mwaka unavutia kwa uzito wake, lakini picha ni moja kwa hadithi, na kichekesho cha picha hakina pa kukaa. Vile vya kubonyeza ng'ombe akalia ni vya mwisho kabisa. Mlio unakuwa ndio utani wote, na spika ikifa kitabu kimekufa. Zaidi ya hapo kuna betri za duara kama kifungo: mtoto akiimeza inaweza kuchoma umio ndani ya saa mbili. Ukinunua hata hivyo, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, kikaze tena nyumbani, na betri ikitoweka usingoje dalili, mpeleke mtoto hospitali saa hiyohiyo.