Tochi ya kilomita moja: miezi kumi na moja nayo vizimbani Luchelele

Mlinzi wetu wa usiku, mzee wa Kisukuma aliyezeeka na ziwa hili, alipoiwasha mara ya kwanza aliizima palepale akanirudishia. "Mwanangu, hii ya kumulikia wezi au ya kuitia meli?" Tukacheka. Usiku wa tatu akanipigia simu saa nane: tochi inaunguza mkono, na mwanga umejishusha wenyewe bila yeye kugusa kitu. Hapo ndipo nilipoanza kujua nilichonunua.

Niseme kwanza kwa nini mfugaji wa samaki atoe 185,000 kwa tochi. Tuna vizimba sita vya sato upande wa Luchelele, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, kama mita 350 kutoka kwenye jiwe ambalo walinzi wetu wamelifanya lindo. Usiku mitumbwi ya dagaa inapita huko, na wengi wao hawana shida na mtu. Ila siku moja moja utaona taa fulani imezimika katikati ya maji, kisha unasikia kasia. Zile tochi za kuchaji za elfu kumi na tano unazopata Makoroboi zinamulika vizuri mpaka kwenye matete, baada ya hapo ni giza. Unabaki kupiga kelele, na kelele mwizi alishazizoea.

Kwa hiyo nikaagiza hii kupitia kijana mmoja wa Kariakoo. Jina lake silitaji, wala la tochi, kwa sababu tuligombana na sitaki maneno. Boksi linasema lumeni 3,000 (mwanga wote unaotoka kwenye tochi) na umbali wa mita 1,000. Inatumia betri moja ya litiamu ya 21700, yaani unene wa milimita 21 na urefu wa 70. Mwili ni wa alumini, na kichwa ni kinene kama kikombe cha chai, kimechongwa mifereji kuzunguka. Ina gia nne (vijana wetu hawasemi modi, wanasema gia kama za pikipiki), na ya tano ni tabo, yaani turbo, mwanga wa juu kabisa, unayoipata kwa kubonyeza swichi mara mbili haraka.

Kuhusu zile mita 1,000, boksi halidanganyi, ila linasema jambo ambalo mnunuzi halisikii. Umbali wa tochi kwa kipimo cha kawaida cha viwandani huhesabiwa mpaka pale mwanga unaposhuka hadi robo ya laksi (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), ambayo ni kama mbalamwezi ya mwezi mpevu anga likiwa safi. Yaani kwenye mita ya elfu moja unaona kama unavyoona usiku ambao wavuvi wa dagaa wamebaki nyumbani kwa sababu mwezi umejaa. Kwa watu wa ziwa hicho ni kipimo kizuri, kwa sababu kila mtu anajua mbalamwezi inamwonyesha nini na inamficha nini. Utaona mtumbwi upo. Kama ndani yake kuna watu wawili au watatu, hapo utabahatisha.

Namba yenye maana zaidi ni ile ya kandela, yaani ukali wa mwali wenyewe, ambayo kwenye hii ni 250,000. Ukitaka umbali, chukua kipeuo cha pili cha kandela, ambacho hapa ni 500, zidisha kwa mbili. Ukitaka kujua mwanga unaofika sehemu fulani, gawanya kandela kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Nilipopiga hesabu ya mita 350 nilipata laksi mbili na kidogo, karibu mbalamwezi mara nane. Nikasema hela yangu imefanya kazi.

Imefanya kazi kwa dakika tatu na nusu.

Nina kipimajoto cha kupimia maji ya vizimba, chenye waya mrefu na ncha ya chuma. Jumapili moja nikakifunga kwa gundi ya karatasi kwenye kichwa cha tochi, nikakaa juu ya jiwe jioni isiyo na upepo, nikaiwasha tabo. Ilianza na nyuzi joto 26, sawa na hewa. Dakika ya pili ilikuwa 44. Ilipovuka 52, muda mfupi baada ya dakika ya tatu, mwanga ukaanza kushuka taratibu, ukaja kutulia mahali ambapo kwa jicho langu ni kama gia ya tatu. Na joto halikushuka hapohapo, lilipanda tena kidogo. Ukishika kichwa wakati huo unajikuta unaihamisha tochi mkono hadi mkono kama muhogo uliotoka jikoni.

Nilidhani ni mbovu. Nikampigia yule kijana, akaniambia nimeiharibu mwenyewe kwa kuiwasha muda mrefu. Tochi! Niliumia kwa jibu hilo kuliko kwa hela. Baadaye fundi mmoja wa sola, anayetufungia taa za lindo, ndiye aliyenifungua macho. Tabo inakula kama wati 35, na zaidi ya nusu ya hizo ni joto tupu. Balbu ya zamani ya nyuzi ilikuwa inatupa sehemu kubwa ya joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hailitupi mbele, inaliacha mgongoni, kwenye kibati ilichobandikwa, na kutoka pale lazima lipite kwenye alumini ndipo litoke hewani. Likikosa njia, LED inachemka, inapunguza mwanga, na ikiendelea hivyo inakufa mapema. Ndiyo maana ndani kuna kinga inayoshusha moto yenyewe. Kwa hiyo tochi yangu ilikuwa inajiokoa, na mimi nilikuwa naitukana.

Wakati huo mzee wetu alishapata dawa yake. Alikata mpira wa tairi la baiskeli, akauviringisha kichwani pote, vizuri kabisa, tena kwa ustadi. Mkono haukuungua tena. Lakini sasa tabo ilikuwa inashuka kabla hata ya dakika mbili. Ile mifereji ya kichwani siyo urembo, ndiyo inayotolea joto, na sisi tulikuwa tumemziba samaki mashavu. Nilimweleza hivyohivyo, akaelewa kabla sijamaliza sentensi. Mpira tukauhamishia nyuma kwenye mkono wa tochi, kichwa kikabaki wazi, na anaishika kwa nyuma.

Kuna jambo ambalo boksi halisemi na ziwa linakufundisha: upepo. Siku nyingine nilirudia kipimo kilekile ndani ya mtumbwi wa mashine, tukielekea vizimbani kwa mwendo wa kawaida. Dakika ya tano ilikuwa 43 tu na mwanga haujayumba. Kwa hiyo tochi ileile, betri ileile, ukikaa juu ya jiwe usiku uliotulia ni ya dakika tatu, ukiwa unatembea majini ni ya kazi. Anayetaka kuijaribu dukani ndani ya chumba chenye feni anajidanganya upande mmoja, na anayeiacha imesimama juu ya meza anajidanganya upande wa pili.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwezi wa nne tulimfukuza mtu mmoja usiku, na kila tabo iliposhuka nilikuwa naizima na kuiwasha upya ili ipande tena. Inakubali, lakini joto linalimbikizana. Tuliporudi kichwa kilikuwa hakishikiki, na mimi kwa akili ya haraka nikakitumbukiza ziwani kipoe. Boksi si limeandika IPX8, kile kipimo cha kuzuia maji, mita mbili za maji? Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na chini yake tone limekaa. Kumbe hewa ya ndani ikiwa ya moto imetanuka, ukiipoza ghafla inasinyaa na kuvuta, na inachovuta ni maji kupitia pembeni ya oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji. Kile kipimo cha IPX hakifanywi kwa tochi iliyotoka kuchemka.

Fundi simu aliyeifungua alikausha vizuri, akabadilisha oringi kwa elfu mbili, halafu kwa wema wake akafuta rifulekta, kile kikombe kinachong'aa nyuma ya kioo, kwa kitambaa. Usiruhusu mtu afute rifulekta. Ule mng'ao ni utando mwembamba kuliko unavyofikiri, na sasa katikati ya mwali wangu kuna michirizi miwili ukimulika ukuta mweupe. Kwenye maji siioni, ila najua ipo. Oringi mpya ninaipaka grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando tunayojipaka mwilini yanaweza kuvimbisha baadhi ya raba, kwa hiyo yaache.

Na ukiiweka chini ikiwaka, usiilaze kifudifudi. Kijana wetu aliiweka kioo chini juu ya begi jeusi la nailoni akifunga kamba. Hakuna hata dakika, tukasikia harufu, begi lina tundu la ukubwa wa sarafu. Mwanga wenyewe ukikutana na kitu cheusi karibu hivyo unageuka joto. Tangu siku hiyo ikiwa haitumiki tunalegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, mkondo wa umeme unakatika, hata swichi ikibonyezwa ndani ya mfuko haiwaki.

Kilichonifanya niipende, baada ya yote haya, ni hesabu ndogo niliyoifanya kwa hasira. Nilitaka kujua nimepunjwa kiasi gani tabo inaposhuka. Gia ya tatu ni lumeni 1,000, theluthi ya tabo. Kandela nazo zinashuka hadi theluthi, kama 83,000. Lakini umbali unafuata kipeuo, kwa hiyo unabaki mita 577. Umepoteza theluthi mbili za mwanga, ila zaidi ya nusu ya umbali bado unayo! Na pale vizimbani bado ni mbalamwezi mara mbili na nusu hivi. Gia ya tatu joto lake linatulia kwenye nyuzi 40, mkono unavumilia, na betri inafika karibu saa mbili. Tabo ingeimaliza betri ndani ya nusu saa kama joto lingeiruhusu. Sasa agizo la lindo ni gia ya tatu. Tabo ni ya sekunde kumi, ya kumtambua mtu, basi.

Yapo mambo mengine ambayo hayatokani na joto. Mwali wake ni mwembamba, kwa hiyo unaona boya lililo mbali huku hujui unakanyaga nini. Bila tochi ndogo ya kichwani utaanguka kwenye mawe haya yetu. Wale wadudu wa ziwani wakitoka kwa mawingu yao, sahau habari ya mita 500. Mwali unageuka ukuta mweupe mbele ya macho yako, na wanaogusa kioo wananata na kukaukia pale, harufu yake ni ya dagaa walioungua. Unafuta kioo kikishapoa, siyo kabla. Na wavuvi wa dagaa ukiwapiga nayo usoni watakutukana mpaka ukoo, na wana haki: macho yao yanachukua muda kurudi gizani, na wako juu ya mtumbwi. Sisi tunamulika maji mbele ya mtumbwi kwanza, kisha tunapanda polepole.

Betri ndiyo sehemu ya kuwa mkali. Ikitoka kazini ya moto haiendi kwenye chaja, inakaa kwanza mpaka ipoe, kwa sababu litiamu kuchajiwa ikiwa juu ya nyuzi 45 inaharibika. Ya akiba nililetewa ikiwa imeandikwa 9,900 mAh (kiasi cha umeme inachobeba), tena ya 18650, ndogo zaidi. Nilimrudishia muuzaji bila kuifungua. 18650 ya kweli hucheza kwenye 3,500 hivi, na hii yangu kubwa ya 21700 ni 5,000. Anayeandika 9,900 kwenye kimwili kile anauza karatasi.

Kwa 185,000 ningeinunua tena? Ningenunua ya aina hii, ila ningechagua yenye kichwa kizito zaidi hata kama lumeni ni chache, kwa sababu chuma kingi kinachelewa kupata moto. Na swali langu la kwanza kwa muuzaji lingekuwa inashika lumeni ngapi baada ya dakika kumi. Nimelijaribu swali hilo kwa wauzaji watatu hapa mjini. Wawili walinionyesha boksi. Wa tatu, mama mmoja mwenye kibanda cha vifaa vya uvuvi Kirumba, aliniambia, "Baba, niache nayo leo usiku, kesho nikujibu." Kesho yake alinijibu: dakika tisa na nusu inashikika, baada ya hapo inataka kitambaa. Tochi ya akiba nitaichukulia kwake.