Kununua kinga (baiskeli) Lubumbashi: usianze na uzito

Mtu akienda kutafuta baiskeli hapa Lubumbashi, cha kwanza anainyanyua kwa mkono mmoja. Ikiwa nyepesi, anatabasamu. Ikiwa nzito, anaanza kuvuta bei chini. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka siku nilipokaa nikapiga hesabu.

Chukua mtu wa kilo 65. Kinga nyeusi ya kizamani ina kilo kama 20, nyepesi ya kawaida kama 13. Pamoja na mwenyewe, ni kilo 85 kwa ile na 78 kwa hii. Mlima uliokuwa ukikumaliza dakika 10 utaupanda kwa dakika 9 na kidogo, miguu ikiwa ni ile ile. Sasa pakia gunia la makala (makaa) la kilo 60: faida inabaki kama nusu dakika kwa kila dakika 10 za kupanda. Na milima yenyewe iko wapi? Mji wetu umekaa juu ya uwanda, mita kama 1,200, na njia ya kwenda Kipushi haina mlima wa kutisha. Kwenye tambarare kinachochosha ni upepo wa mbele na tairi lisilojaa. (Wa Bukavu wasinisikilize, wao wana mambo yao na vilima vyao.)

Fremu peke yake ndiyo inadanganya watu zaidi. Fremu nzuri ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni) na ya alumini zinapishana nusu kilo hivi, sawa na nusu lita ya maji. Uzito mwingine uko kwenye magurudumu, keria, stendi na tandiko.

Kwa mtu anayekwenda kazini na mara moja moja anabeba bidoni (dumu), ningepanga hivi.

Ya kwanza ni baiskeli ya kromoli iliyokwisha tumika Ulaya, isiyo na springi. Tafuta kibandiko chenye namba 4130 au neno la kromoli kwenye bomba la chini ya tandiko. Kibandiko kikiwa kimebanduka, sumaku itakuambia kama ni chuma, ingawa haitakuambia ni chuma gani. Hapo uzito na wembamba wa mabomba ndivyo vitakusaidia. Chuma kinapinda kabla ya kuvunjika, na kikipasuka, fundi yeyote wa hapa mjini mwenye mashine ya kuchomelea, awe Katuba au Ruashi, anakirudisha barabarani jioni hiyo hiyo.

Ya pili, kinga nyeusi yenyewe, ya aina ya Phoenix au Hero. Kama kazi yako ni mizigo kila siku, ipandishe iwe ya kwanza bila kubishana. Gurudumu la nyuma mara nyingi lina spoki 40, la mbele 32. Aliyelipanga hivyo alijua gunia linakaa wapi. Ubaya wake ni breki: rimu ya chuma ikilowa inateleza kama sabuni. Kagua pia pini zinazoshika mikono ya pedali. Zikilegea, kila mzunguko utasikia "ko".

Ya tatu ni alumini isiyo na springi. Si mbaya, na kutu haiijui. Lakini alumini, hata kama uzito wake ni theluthi ya ule wa chuma, ugumu wake nao ni theluthi, kwa hiyo mabomba yanafanywa manene. Tena inachoka: kila shimo la barabara linahesabiwa, na siku moja hesabu inatimia. Yangu ilipasuka karibu na ekseli ya pedali, nikiwa na bidoni mbili za lita 20 nyuma. Nilimpelekea fundi. Akaiangalia, akaniambia, "Papa, hii si ya mashine yangu." Alisema kweli: alumini inataka gesi ya argoni, na aina nyingi zinataka kuchomwa upya kwenye tanuri ndipo nguvu irudi. Ukinunua iliyotumika, pitisha ukucha kwenye kila kiungo. Rangi iliyojikunja au mstari mwembamba kama unywele, iache hapo hapo.

Ya mwisho kabisa: zile mpya zenye springi mbele na nyuma, rangi tatu na vibandiko kumi. Ni za chuma cha kawaida, nzito kama kinga nyeusi, na kila ukikanyaga, springi inakula nguvu yako. Keria haina hata mahali pa kukaa. Watoto wanazipenda, sawa.

Fremu za kaboni, zile nyepesi za mashindano? Mashindano ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, yanakataza baiskeli ya barabara iliyo chini ya kilo 6.8. Hilo ni tatizo lao.

Dola zikikubakia, usizitie kwenye fremu. Nunua rimu za alumini, hata kwa ile kinga nyeusi kama breki zake zinakubali: gurudumu linapungua uzito, na mvua za Novemba zikianza, breki zinashika.