Paipu ipi ununue kupitishia umeme chini ya ardhi hadi nyumba mpya

Wajenzi wengi huanza kuulizia paipu ya umeme siku ambayo mtaro umeshachimbwa na vibarua wamesimama pembeni na sepetu zao. Hapo hununuliwa chochote kilichopo dukani. Athari yake huja kuonekana baadaye, kebo inapogoma katikati ya njia, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na uani zege limeshamwagwa.

Paipu usiichague kwa kufikiria udongo peke yake. Mfikirie mtu atakayevuta kebo. Udongo utahimiliwa na karibu paipu yoyote nzuri ikifukiwa inavyotakiwa, lakini kebo ya kuingizia umeme ni nene, nzito na haipendi kukunjwa. Ndiyo yenye masharti. Nilivyozipanga hapa chini nimefuata kigezo hicho, si bei, maana gharama kubwa ya kazi hii iko kwenye kuchimba. Anayebana matumizi kwenye paipu anahatarisha kuulipia mtaro mara mbili.

Kabla ya duka, nenda kwanza kwa kampuni ya umeme. Waulize kipenyo wanachotaka, rangi, kina cha mtaro na mahali mita ya umeme itakapokaa. Mara nyingi mafundi wao ndio wanaovuta kebo hiyo, na wakikuta paipu nje ya kipimo chao wanaweza kugeuza gari wakaondoka. Rangi nayo si urembo. Australia paipu ya umeme wa chini ya ardhi ni ya rangi ya chungwa, Uingereza ni nyeusi au nyekundu, na kila mchimbaji wa huko akiiona anajua sururu iishie hapo.

Dukani, soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa paipu. Kiwango cha kimataifa cha paipu za kuzikwa ni IEC 61386-24, na kinazigawa kwa nguvu ya kuhimili mgandamizo: 250, 450 na 750. Namba hizo ni nyutoni zinazohitajika kuibana paipu mpaka kipenyo chake cha ndani kipungue kwa asilimia 5. Kwa njia ya nyumbani mimi sishuki chini ya 450. Ya 250 sitaki hata kuiona mahali ambapo gari litapita.

Kuhusu ukubwa, kipenyo cha ndani kiwe angalau mara moja na nusu ya unene wa kebo. Kebo ya milimita 30 inataka uwazi wa milimita 45 au zaidi. Na hapa ndipo wengi hupigwa chenga: paipu nyingi huitwa kwa kipimo cha nje. Ile inayouzwa kama ya 63 inaweza kuwa na 50 tu ndani, na ya 110 ikawa na 94. Chukua futi, pima mdomo wake mwenyewe.

Nafasi ya kwanza: paipu ya kuta mbili

Hii ni ya poliethilini, ile inayoandikwa HDPE. Nje ina mbavu, ndani ni laini. Mbavu ndizo zinazobeba uzito wa udongo, na ule ulaini wa ndani unairuhusu kebo iteleze. Haipasuki ovyo ikiangukiwa na jiwe, inafuata mtaro uliopinda kidogo bila kuhitaji kona, na vipande huunganishwa kwa soketi ya kusukuma yenye mpira ndani. Gundi haihusiki.

Huuzwa kwa vipande vilivyonyooka, vingi vikiwa vya mita 6, au kwa roli, ambalo aghalabu ni la mita 50. Njia ikiwa fupi na imenyooka, chukua vipande. Roli huokoa viungo, lakini lina tabia ya kutaka kurudi kwenye duara lake: ukilitupa mtaroni linainuka huku na kule, na kila tuta linaongeza msuguano siku ya kuvuta. Lifungue mapema lilale juani, kisha ulikandamize kwa mchanga kila baada ya hatua chache kabla ya kufukia.

Kabla ya kulipa, ingiza kidole ndani. Zipo paipu zenye mbavu nje na mbavu ndani pia, na kwa mbali zinafanana kabisa na hii.

Ya pili: PVC ngumu

Kama njia imenyooka kutoka ukutani hadi mpakani, hii inaikaribia sana ya kwanza, na chini ya njia ya gari huenda ikawa bora zaidi kwa sababu hailegei wala kupinda. Shida yake ni viungo. Kila kimoja ni mahali pa kukosea.

Kata kwa msumeno, mkato uwe umenyooka, kisha piga tupa ukingo wa ndani mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe. Gundi ipakwe nje ya paipu inayoingia, tena nyembamba. Ukiijaza ndani ya soketi, inasukumwa mbele na kuganda kama tuta dogo gumu ndani ya njia, na tuta hilo ndilo litakalochuna ganda la kebo. Kona ziwe zile ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya umeme. Kona fupi ya fundi bomba haifai hata moja. Kanuni za umeme za Marekani zinasema jumla ya kona zote kati ya sehemu mbili za kuvutia kebo isizidi nyuzi 360. Kwa kebo nene hata nusu ya hapo ni nyingi, na njia yenye kona zaidi inahitaji chemba katikati.

PVC iliyokaa muda mrefu juani ikapauka usiinunue, na kwenye baridi kali huwa rahisi kupasuka.

Ya tatu: roli la HDPE lenye ukuta mmoja mnene

Ni laini ndani na nje, imara, na inaweza kwenda umbali mrefu bila kiungo hata kimoja. Ndiyo ya kuchukua pale njia inapopita chini ya barabara kwa mashine ya kutoboa bila kuchimba. Kwa mtaro wa kawaida ni nzito, na ukaidi wake wa kurudi kwenye duara unaushinda ule wa paipu ya kuta mbili. Usidanganyike kuchukua ya maji kwa kuwa zinafanana. Siku fundi bomba atakapotafuta mahali pa kuunganisha maji, hataona sababu ya kuogopa kuikata.

Ya nne: bila paipu kabisa

Kebo iliyovikwa nyaya za chuma inaweza kuzikwa yenyewe kwenye mchanga, pale kampuni ya umeme inaporuhusu. Ina faida ambayo hutajwa kwa nadra: udongo huondoa joto lake vizuri kuliko hewa iliyofungiwa ndani ya paipu, kwa hiyo kebo ileile huweza kupitisha umeme zaidi. Naiweka ya nne kwa sababu moja tu. Ikiharibika au ukihitaji kubwa zaidi, unarudi kwenye sururu.

Chuma kilichopakwa zinki nakiacha kwa sehemu korofi, kama kwenye mwamba usiochimbika. Marekani inaruhusu paipu nzito ya chuma kwenda kina cha milimita 150 tu mahali ambapo PVC hutakiwa 450. Lakini hushika kutu, lazima iunganishwe na ethi, na nyaya zote za njia moja pamoja na nyutro sharti zipite paipu moja, la sivyo chuma chenyewe hupata joto.

Za kuachwa dukani ni mbili. Ile nyembamba yenye mbavu ndani na nje, ya kufukiwa ukutani, hubonyea chini ya udongo na kuishika kebo kila ubavu. Na paipu ya maji taka: kubwa, laini, inavutia mfukoni, ila rangi yake inamwambia mchimbaji kwamba ndani kuna maji machafu, naye hataona haja ya kuwa mwangalifu.

Katika mzigo huohuo weka kamba ya polipropilini, maana ya katani huoza, vizibo vya midomo yote miwili, utepe wa tahadhari na mchanga. Ongeza paipu nyingine ndogo kwa ajili ya intaneti. Usiipitishe pamoja na umeme. Kamba ukisahau kuiweka mapema, funga uzi mwembamba kwenye mfuko wa plastiki, usokomeze mfuko huo mdomoni mwa paipu, kisha weka mashine ya kufyonza vumbi upande wa pili. Uzi ukitokea, uutumie kuvutia kamba yenyewe.

Laza paipu juu ya mchanga wa milimita 75 hadi 100, ikiinamia kidogo upande wa nje ili maji yasielekee nyumbani. Funika kwa mchanga, kisha vuta kipande cha mti chenye unene unaokaribia uwazi wa paipu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikikwama, bado unafukua mchanga tu. Kikipita, jaza udongo, tandaza utepe kama milimita 150 hadi 300 juu ya paipu, na upige picha yenye futi kutoka kona ya nyumba kabla ya kumalizia kufukia. Mdomo wa ndani uzibwe tena kebo ikishapita: panya, maji na hata gesi inayovuja ardhini hufuata uwazi huohuo mpaka kwenye kabati la mita.