Nilikwenda kumwona Pina, nikapewa miwani mbovu

Nyota moja. Ngoja kwanza nieleze.

Ilikuwa wakati wa baridi, hapahapa Ujerumani, kwenye jumba dogo la sinema ambalo silitaji kwa sababu bado nawadai. Walikuwa wanaonyesha Pina, ile filamu ya Wim Wenders ya 2011 kuhusu Pina Bausch, mtunzi wa ngoma wa Kijerumani, tena kwa 3D kama ilivyopigwa. Miwani ni ya betri, unapewa mlangoni kwa dhamana ya yuro 10.

Walitanguliza kipande cha zamani cha Mary Wigman, mcheza ngoma wa Kijerumani wa zamani: ngoma yake ya mchawi. Hicho hakikuhitaji miwani, basi nilikiona sawasawa: mwanamke kavaa barakoa, kakaa kitako, anajishika magoti na kujisukuma sakafuni. Bibi yangu angeuliza tu pepo huyo anadai nini.

Halafu filamu ya Pina yenyewe. Sacre, ngoma yake ya mwanamke anayechaguliwa kutolewa kafara, ilinishika koo. Jukwaa zima limemwagwa udongo, gauni jekundu linapita mkono kwa mkono na kila mwanamke analiogopa, jasho na udongo vimegandana miilini. 3D ile si mapambo, jamani; unasikia kama udongo utakurukia. Tukaingia Café Müller, ngoma ya 1978 niliyoifuata hasa. Miwani ikazima. Kila mchezaji akawa wawili.

Nikatoka. Kijana wa mlangoni hakunyanyua hata uso kwenye simu.

"Umeibonyeza vibaya."

Sijabonyeza kitu, kaka.

"Basi labda macho yako hayajazoea 3D."

Macho yangu! Nimevaa miwani ya daktari tangu darasa la nne, leo nifundishwe kuona? Akamalizia kwamba nimeiharibu, dhamana hairudi, na nikitaka nyingine ni yuro 10 tena. Hata "samahani" ya uongo sikuipata.

Nikarudi gizani bila miwani, nikajikwaa ngazini, nikamkanyaga mama mmoja. Na kwenye pazia, mwanamke anatembea amefumba macho, mikono mbele, huku bwana mmoja anakimbia kumwondolea viti asijigonge. Mimi nani aliniondolea viti?

Pale mwanamke anapowekwa mikononi mwa mwanamume, anaangushwa, anainuka kumrukia tena, mbio mbio mpaka unachoka wewe, nilipaona ukungu mtupu. Siwasamehi.

Lakini nilibaki. Wachezaji wa Pina wanaketi mbele ya kamera midomo imefumba, tunasikia sauti zao tu, maana mwalimu wao alifariki 2009 kabla upigaji picha haujaanza. Nyuso zile hata zikiwa mbili mbili zinaeleweka. Wakatoka kucheza barabarani mjini Wuppertal, chini ya ile treni inayoning'inia juu, na nikajikuta nacheka peke yangu.

Kwa hiyo filamu nyota tano. Jumba sifuri. Mfumo hauniruhusu kugawa, naacha moja. Au mbili, kwa ajili ya Wigman. Hapana, moja. Wakiionyesha tena nitakwenda, na betri mfukoni. Yuro 10 zangu bado wanazo.